Kazi yako ya ushabiki ikianza kuingiza hela: jinsi ya kuujua mpaka kabla hujauvuka

Siku moja unashika simu unakuta meseji ya mtu humjui, anasema ameiangalia mara tano ile animesheni yenu ya dakika nne mliyotengeneza kwa wahusika wa filamu mnayoipenda, na mwishoni anauliza, "mnauza? nataka kopi yangu." Mpaka kati ya ushabiki na biashara uko hapo hapo. Wengi wanadhani mpaka ni siku barua ya mwanasheria inapofika au siku hela nyingi zinapoingia kwenye akaunti, lakini kiukweli unauvuka unapojibu hiyo meseji, na wengi tunajibu kwa furaha tu bila kuwaza, "ndio tunauza, tuma hela."

Nimekaa kwenye timu ya mashabiki miaka kadhaa, kazi yangu ilikuwa kuhariri sauti, na timu yetu ilivunjika kwa sababu ya hela ndogo sana, nitasimulia huko mbele. Hapa naandika hatua ambazo natamani tungezifuata, kwa yeyote anayeandika hadithi, anayechora, anayetengeneza gemu au filamu fupi au muziki kutokana na kitu cha mtu mwingine na sasa ameanza kuona hela inakuja. Mimi si mwanasheria, na sheria za hakimiliki hazifanani kila nchi, kwahiyo ukifika pa kusaini au pa kushtakiwa tafuta mwanasheria kabisa.

Anza na karatasi

Chukua karatasi, piga mstari katikati, upande mmoja andika vitu vilivyotoka kwenu, upande wa pili vilivyotoka kwa mwenyewe, yaani mwenye haki ya kazi ya asili. Fanya kweli, usifanye kichwani. Sisi tulipofanya (tumechelewa tayari) upande wetu ulikuwa na mazungumzo yote, michoro yote fremu kwa fremu, sauti za waigizaji wetu, na mlio wa mlango ambao niliurekodi mwenyewe kwa kufungua na kufunga kabati la nguo usiku mzima mpaka ukakubali kusikika kama mlango wa chuma. Upande wa pili kulikuwa na majina ya wahusika, sura zao, mavazi yao, mji wanaoishi, nembo ya kikosi chao, na sekunde kumi na mbili za muziki wa mwanzo wa filamu ambazo tulizichukua kama zilivyo.

Ukiangalia karatasi kama hiyo unaona vitu viwili. Cha kwanza, kuchora mhusika kwa mkono wako hakumfanyi awe wako, mchoro ni jasho lako sawa ila mhusika bado ana mwenyewe. Cha pili, upande wa pili una wenyewe wengi sio mmoja. Filamu inaweza kuwa ya studio, muziki ukawa wa mtunzi na kampuni ya rekodi, nembo ikawa imesajiliwa kama alama ya biashara ambayo ina sheria zake tofauti na hakimiliki. Kwahiyo hata studio ikikwambia endelea, zile sekunde kumi na mbili za muziki hazijaruhusiwa na mtu. Tulizitoa, mtunzi wetu akatengeneza zake, na kusema kweli zilikuwa nzuri kuliko, maana zilifuata mwendo wa picha zetu.

Sasa jiulize anayelipa analipia nini

Hili ndo swali langu moja na nalirudia kila mahali. Mtu anapotoa hela, je angetoa kama ungefuta kila kitu cha upande wa pili wa karatasi? Akiwa anapenda mkono wako, kwamba hata ukimchorea paka wake atalipa, basi anakulipa wewe. Akiwa anataka yule mhusika na yeyote angeweza kumchora, basi unauza mhusika wa mtu. Sio kipimo cha mahakama, ni cha kukusaidia kujua umesimama wapi, na mahakama zenyewe nyingi huangalia kitu kinachokaribia hapo, yaani kazi yako inachukua nafasi ya kile ambacho mwenyewe anauza au angeweza kuuza?

"Lakini hatupati faida" ni neno nimelisikia mara nyingi na nimelisema mwenyewe, na halisaidii kama mnavyodhani. Angalia filamu ya mashabiki wa Star Trek iliyoitwa Axanar. Hawakuwa wanauza tiketi, walichangisha kwa mashabiki na wakapata zaidi ya dola milioni 1, wakawa na studio na watu wa kulipwa, na Desemba 2015 Paramount na CBS, wenye haki za Star Trek, wakawashtaki. Januari 2017 jaji akasema ile kinga ya matumizi ya haki (fair use) ya sheria ya Marekani, inayoruhusu wakati mwingine kutumia kazi ya mtu bila kumuomba, haiwahusu, na mwezi huo huo wakamalizana nje ya mahakama. Kabla hata kesi haijaisha, Juni 2016, wenye haki walikuwa wameshatoa masharti kwa mashabiki wote: filamu isizidi dakika 15, au vipande viwili visivyozidi dakika 30 jumla, michango isipite dola 50,000, waigizaji na wafanyakazi wote wawe wa kujitolea bila malipo, na kusiwe na mapato, hata ya matangazo. Usome hayo masharti hata kama hufanyi Star Trek, kwa sababu yanakuonyesha mwenye haki anahesabu nini kuwa biashara, na utaona anahesabu ukubwa wa bajeti, mishahara, urefu wa kazi, sio faida peke yake.

Mfano mwingine naupenda kwa sababu unaonyesha kitu hicho hicho kikiwa salama na kikiwa hatarini. Kulikuwa na tovuti ya mashabiki iliyopanga kila jina na kila uchawi wa Harry Potter kama kamusi, ipo tangu 2000, bure, na mwandishi J.K. Rowling mwenyewe aliisifu na kuipa tuzo yake ya tovuti za mashabiki mwaka 2004. Ilipotaka kuchapishwa kitabu cha kuuzwa, yeye na Warner Bros. wakamshtaki mchapishaji 2007, na Septemba 2008 wakashinda, fidia ilikuwa dola 6,750 tu lakini kitabu kile kikazuiliwa. Jaji hakusema kamusi za namna hiyo ni marufuku, shida ilikuwa maneno mengi mno ya mwandishi yalichukuliwa kama yalivyo. Wakapunguza, wakaandika upya kwa maneno yao, na toleo jipya likatoka 2009. Maneno yale yale yalikaa miaka bure bila shida, yalipowekewa bei ndo yakahesabiwa moja moja.

Na Netflix walivumilia albamu nzima. Waandishi wawili wa nyimbo walianza kutunga nyimbo za Bridgerton, tamthilia ya Netflix, huko TikTok mwaka 2021, zikapendwa, zikawa albamu, ikashinda Grammy Aprili 2022, kote huko bila kushtakiwa. Julai 2022 wakafanya onyesho la tiketi kwenye ukumbi wa Kennedy Center huko Marekani, siku chache baadaye wakashtakiwa, ingawa kesi iliondolewa Septemba. Kwahiyo mtu asikudanganye kwamba "mbona wameona na hawajasema kitu." Kukaa kimya sio ruhusa, ni uvumilivu, na anayevumilia anaweza kuacha siku yoyote anayotaka, hasa siku kazi yako inapoanza kufanana na kitu ambacho yeye mwenyewe anataka kukiuza.

Njia hela zinavyoingia kimya kimya

Mauzo ya wazi kila mtu anayajua, fulana, stika, kitabu, tiketi. Zinazonasa watu ni nyingine. Matangazo kwenye video yako ni mapato. Michango ya kila mwezi kwa jina lako kama msanii ina unafuu, ila ukisema "wanaochangia watapata sura inayofuata wiki moja kabla ya wengine" hapo umeshauza ile sura, hata ukiiita zawadi. Oda za kuchora ni kuuza, hata kama ni moja moja. Kuweka linki ya kuchangia chini ya hadithi kwenye Archive of Our Own, mtandao wa kuweka hadithi za mashabiki, hairuhusiwi kabisa, mtandao ule unaendeshwa na shirika lisilo la faida na unakataza biashara ya aina yoyote ndani yake, na sio kwa roho mbaya, unajikinga wenyewe na unawakinga waandishi wote waliomo, kwa sababu hoja yao yote ni kwamba kazi zile hazifanyiki kwa hela. Ukiweka linki yako pale unawaweka wote hatarini.

Kuna sehemu ambako mwenyewe ameandika masharti yake wazi na anaruhusu hata kuuza kidogo, ZUN, Mjapani anayetengeneza gemu za Touhou, anajulikana kwa hilo, na Japani kwa ujumla kuna utamaduni mkubwa wa vijitabu vya mashabiki vinavyouzwa kwenye soko la Comiket tangu 1975, wenye haki wengi wanaacha viuzwe kwa idadi ndogo. Ila huo ni utamaduni wa huko na kila mwenye haki ana mipaka yake. Tafuta ukurasa wa masharti ya mwenyewe kabla ya kitu kingine chochote, soma yote, weka kopi na tarehe uliyoyasoma, maana hubadilika.

Timu: hapa ndo tulipoumia

Tulikuwa saba. Hakuna aliyelipwa, kila mtu anatoa usiku wake, na ilikuwa raha kweli, mtu anatuma fremu saa nane za usiku na wote mko macho mnaishangilia. Kisha mmoja wetu akawasha matangazo kwenye chaneli kwa nia nzuri, ili tulipe kurenda, yaani kugeuza michoro iwe video ya mwisho, kwa sababu kompyuta zetu zilikuwa zinachukua siku mbili kutoa dakika moja. Hela zikaingia kidogo. Tukalipa kurenda, zikabaki kidogo zaidi, na aliyebaki nazo akamlipa mchoraji wa mandhari kwa sababu alikuwa na shida nyumbani. Hakuna aliyekuwa mbaya hapo. Ila mwigizaji wetu wa sauti alipojua akauliza kwa upole kabisa, "kumbe kuna wanaolipwa?" na hatukuwa na jibu, kwa sababu hatukuwahi kuandika hata mstari mmoja. Ndani ya wiki tatu akaomba sauti yake itolewe, na ilikuwa haki yake, sauti yake ni yake, hakuna karatasi inayosema ametupa. Animesheni ikafa kwa upande wetu wenyewe, mwenye filamu wala hakuwahi kujua tupo.

Kwahiyo andikeni. Haihitaji lugha ya kisheria, ujumbe ambao wote wamejibu "nakubali" ni bora kuliko hakuna. Uwe na haya: kazi hii ni ya bure mpaka tutakapokubaliana wote vingine, kila mtu anabaki na haki ya kipande chake na anaturuhusu kukitumia kwenye kazi hii tu, hela ikiingia kwa njia yoyote anashika nani na inalipa nini kwanza, mtu akiondoka kipande chake kinabaki au kinatoka, na kazi ikija kuuzwa au kupewa leseni tunaanza kuzungumza upya kabla hajasaini mtu yeyote. Hilo la mwisho ndo wengi husahau. Mtu aliyekubali kuigiza bure kwenye kitu cha mashabiki hajakubali kuigiza bure kwenye bidhaa, hata kama ni sauti ile ile kwenye faili lile lile.

Na mkianza kulipa mtu mmoja, mnakuwa mnaendesha uzalishaji. Yule anakuwa amefanya kazi ya kulipwa, anahitaji makubaliano ya kazi na nyinyi mnahitaji kujua haki za alichotengeneza zinaenda kwa nani, pengine na kodi. Msilipe mtu kwa huruma tu halafu mseme ni zawadi.

Ukitaka kuvuka kwa haki

Kuna kuomba leseni. Wengi wanaona haiwezekani lakini imewezekana. Black Mesa ilianza kama modi, yaani gemu ya mashabiki iliyojengwa juu ya gemu iliyopo, ya watu waliokuwa wanajenga upya Half-Life ya kampuni ya Valve, ikatoka bure 2012, Valve wakawaruhusu kuiuza, ikaanza kuuzwa 2015 na toleo kamili likafika 2020. Christian Whitehead alikuwa shabiki anayetengeneza injini (programu inayoendesha gemu) ya gemu za Sonic, Sega wenye Sonic wakampa kazi, na 2017 ikatoka Sonic Mania. Wote hao walikuwa na kitu mkononi kinachofanya kazi, kilichojengwa kwa mikono yao, na walikuwa bado hawajaanza kuuza. Ukiomba, tuma ukurasa mmoja: ni nini, kina urefu gani, nani wako kwenye timu na wamekubali, unataka kuuza wapi, na ile karatasi yako ya pande mbili. Usipojibiwa, hujaruhusiwa.

Kuna kung'oa. Yaani unabaki na upande wako wa karatasi tu na kujenga upya uliobaki. Fifty Shades of Grey ya 2011 ilianza kama hadithi ya mashabiki wa Twilight, After ya Anna Todd ilianza kwenye Wattpad, mtandao wa hadithi, 2013 ikiwa juu ya kijana wa bendi ya One Direction, ikachapwa kitabu 2014 na jina likabadilishwa, filamu ikaja 2019. Ukisikia hivyo unadhani ni kutafuta jina na kubadilisha jina, hapana jamani. Jina ndo kitu chepesi kuliko vyote. Nilimsaidia rafiki kufanya hivi na hadithi yake ndefu, tukagundua kwamba mhusika mkuu hakuwahi kuelezwa sura popote, kwa sababu wasomaji wote walikuwa wanamjua tayari. Ugomvi wake na kaka yake ulikuwa hauna chanzo ndani ya hadithi, chanzo kilikuwa kwenye filamu ya pili. Vile vitu ambavyo hukuandika kwa sababu wasomaji wanavijua, hivyo ndivyo ulivyoazima. Mpe mtu asiyejua kabisa kazi ya asili asome, aweke alama kila mahali anapouliza "huyu nani, kwanini?" na kila alama ni mahali pa kutunga cha kwako. Kisha mpe mtu anayeijua sana, akitambua ndani ya kurasa mbili, bado. Rafiki yangu ilimchukua karibu mwaka na kaka wa mhusika akageuka kuwa mama yake wa kambo, na ugomvi ukawa mzito zaidi.

Halafu kuna vilivyotoka kwenye ulinzi. Nchi nyingi hulinda kazi mpaka miaka 50 au 70 baada ya mwandishi kufa, Marekani wana hesabu zao kwa kazi za zamani, ndo maana Mickey Mouse wa Steamboat Willie ya 1928 alikuwa huru huko tarehe 1 Januari 2024. Ni yule wa 1928 lakini, matoleo mengi ya baadaye bado yana mwenyewe, na jina kama alama ya biashara bado linalindwa. Angalia na nchi unayouza, sio unayoishi tu.

Na kuna kubaki bure. Naisema kwa heshima kabisa, sio njia ya walioshindwa. Mwaka 2016 gemu ya AM2R, ambayo shabiki mmoja aliitengeneza kwa miaka mingi akijenga upya gemu ya pili ya Metroid ya Nintendo, iliombwa iondolewe na Nintendo siku chache baada ya kutoka, na aliyeitengeneza baadaye akaajiriwa kwenye gemu ya kampuni nyingine kwa sababu watu waliona anachoweza. Ila bure nayo haikupi kinga kamili, kama unavyoona.

Barua ikija, usiijibu usiku ule ule na usiiposti. Zima kwanza kila kinachoingiza hela, hifadhi kila kitu ulichonacho pamoja na tarehe, angalia wamekupa siku ngapi, na mpelekee mwanasheria kabla hujaandika neno la kukiri wala kubisha. Waambie timu yako wote siku hiyo hiyo.

Kampuni ikikutafuta wewe

Hii ndo furaha kubwa na ndo mahali pa kusoma polepole kuliko pote. Prodyuza ameona kazi yako, anataka kuigeuza kitu cha kuuzwa, mkataba umefika kwenye barua pepe na mikono inatetemeka. Usiende kwenye kiasi cha hela, tafuta kifungu kinachosema kwamba unathibitisha kazi yote ni yako mwenyewe, haijachukuliwa kwa mtu, na kwamba likitokea dai lolote utalipa wewe gharama. Mikataba mingi ya uchapishaji na uzalishaji inacho. Kwa mtu aliyeandika kitu cha kwake kabisa kifungu hicho hakina shida, kwa mtu wa kazi za mashabiki ni mtego, kwa sababu unaweza kukisaini kwa nia safi kabisa ukiwa umesahau mandhari aliyochora rafiki yako bure, au mstari wa mazungumzo uliobaki kutoka kwenye filamu, au muziki, na siku dai likija kampuni inakuonyesha sahihi yako.

Toa ile karatasi ya pande mbili na uwatumie kwa maandishi kabla ya kusaini: hii ilianzia kwenye kazi fulani, hivi vimebaki, hivi vimeng'olewa, hawa walishiriki na hizi hapa ruhusa zao. Omba kifungu kirekebishwe kiseme unathibitisha kadiri unavyojua, na isipokuwa vile vilivyotajwa kwenye orodha, na orodha iwe sehemu ya mkataba. Prodyuza anayejua kazi yake hatakasirika, atakushukuru, kwa sababu na yeye atasaini kifungu kama hicho kwa wanaomlipa. Akikwambia "wewe saini tu, hayo tutayamaliza baadaye," mjibu kwamba unasubiri, na usubiri kweli.